Tulipopanda Nzaui Kuazima Mzee

Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, ukikaribia Emali, angalia mkono wa kushoto. Kuna kilima kimejitenga na wenzake, mgongo mrefu, na kileleni ni jiwe tupu. Hicho ndicho Nzaui. Kila nikipita pale na basi namwamsha aliyekaa kando yangu, awe namjua au simjui, namwambia, "Kile pale nilikipanda na viatu vya kanisani." Wengi hunitazama tu wakarudi kulala. Watu wa siku hizi hawana haja na habari ya mtu.

Wewe hujalala, basi sikiliza.

Mwaka ule wa sabini na moja, dada yangu Waringa alikuwa na duka Sultan Hamud, nyuma ya stesheni, na mimi nilikuwa na cherehani yangu pale verandani. Waringa alikuwa mjane. Mumewe alipozikwa kule kwetu Murang'a, ndugu za marehemu walimwambia akusanye vyombo vyake aondoke kabla mvua haijaanza. Aliondoka na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Ukisikia nikiwasema wale mashemeji, usinikataze. Nitawasema mpaka waniweke kaburini, na huko pia nikipata nafasi.

Mtoto yule wa mgongoni ndiye Mugo. Alikua, akasoma kidogo, akaandikwa kazi ya reli kule Voi. Akampenda Mbula, mwalimu wa watoto wadogo pale mjini kwetu, binti wa mzee Nzioka wa Kalamba. Msichana mpole wa sauti, lakini ukimpunja sukari anajua. Mimi nilimpenda siku ile aliponirudishia kilo yangu akaniita shangazi kwa Kikuyu, "Tata, pima tena, mkono umeteleza." Hakusema nimeiba. Alisema mkono umeteleza. Nikajua huyu ataweza kuishi na sisi.

Lakini kijana haombi mke peke yake. Lazima awe na wanaume wa kumsemea, na Mugo alikuwa na nani? Waringa alimeza kiburi chake, akatuma mtu Murang'a kwa mashemeji. Jibu lilikuja: huyo mtoto amelelewa Ukambani, wacha aolewe na Ukambani, sisi hatumjui. Waringa alisikia maneno hayo akipima maharagwe. Aliendelea kupima. Mteja alipoondoka, akaingia nyuma ya pazia, akakaa huko muda mrefu.

Ndipo ikaja ile habari. Aliileta Musembi, dereva wa lori wa kule Kalamba, aliyekuwa akinunua chumvi kwetu. Alisimama mlangoni, injini ikinguruma nje, akasema, "Mama Mugo, mzee Nzioka anakusalimu. Anasema mje Jumamosi na mbuzi wa ntheo. Na mje na atumia wawili. Wawili wanatosha." Akachukua chumvi yake akaenda.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa hiyo tulia nikueleze. Ntheo ni wale mbuzi watatu ambao Wakamba hupeleka kwa kina msichana. Wakipokelewa, msichana ni wenu, hata afanyeje mwingine. Hilo tulilijua. Lakini neno lile, atumia. Kwetu sisi Wakikuyu, mutumia ni mwanamke mwenye nyumba yake. Atumia ni wanawake. Unaona?

Waringa alikaa juu ya gunia la sukari. "Wamucii," akaniita, "umesikia? Wanataka wanawake."

"Nimesikia."

"Wawili. Mimi na wewe." Akaanza kulia na kucheka pamoja. "Mungu ameniona. Watu wale wanajua mtoto huyu amelelewa na nani."

Nikamwambia hawa Wakamba wamestaarabika kutushinda. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo wangu mwenyewe. Utaniuliza, na miaka yote ile mlikaa Sultan Hamud hamkukijua Kikamba? Kikamba chetu kilikuwa cha duka: chumvi, mafuta ya taa, ongeza kidogo, leo hakuna mkopo. Wazee wakija dukani tuliwaita mzee, kwa Kiswahili, nao waliitika. Mugo angetuambia, maana yeye alicheza na watoto wao, lakini Mugo alikuwa Voi na reli yake. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini utauliza vipi neno ambalo unalijua tayari?

Jumamosi tulivaa. Waringa alivaa gauni la bluu nililomshonea, na viatu vyeusi vya kanisani, na mimi hivyo hivyo. Tukapanda lori la Musembi na mbuzi wetu watatu, sukari, majani chai, na blanketi la nyanya wa msichana. Njia nzima Waringa alikuwa akiimba nyimbo za kanisa. Sijamwona tena na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yenyewe. Nikikumbuka lori lile na vumbi lake, natamani tungeendelea tu kwenda, tusifike.

Boma la Nzioka lilikuwa chini kabisa ya Nzaui, unainua shingo kukiona kilima. Wazee walikuwa wamekaa uani kando ya ghala, kila mmoja na kigoda chake. Nzioka mwenyewe alikuja kutupokea, mtu mrefu, mzee wa kanisa, tai shingoni. Kando yake alikuwa Mwangangi, mjomba wa Mbula, mwenye tumbo na mdomo. Na pale ukutani alikaa bibi mmoja mdogo, mkavu, akipukuchua mbaazi. Tuliambiwa huyo ni Susu Kalunde, nyanya. Nikafikiri ndiye aliyemzaa Nzioka. Waringa alimfunika blanketi mabegani, bibi akalipapasa, akasema ni zito, ni zuri.

Mbuzi wakafungwa kwenye ua. Tukakaa. Mwangangi akatazama njia tuliyokuja nayo.

"Atumia wako nyuma?" akauliza.

Waringa akatabasamu. "Ni sisi."

"Ninyi ni kina nani?"

"Ni sisi atumia. Wawili, kama mlivyosema."

Mzee mmoja akaanza kukohoa, ile kukohoa ya mtu anayezuia kicheko, na mwingine akashindwa kujizuia, na Mwangangi akapiga paja lake. "Nzioka," akasema, "hizi ni iveti. Uliagiza wazee, umeletewa wanawake."

Mbula alikuwa ametoka jikoni na sinia la chai. Aliinama mbele ya Waringa, akasema pole pole, "Mama, kwetu mutumia ni mzee. Ni mwanaume mzee wa kuketi na wazee." Waringa hakuchukua chai. Aliangalia mikono yake tu. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu, nikataka kuwavunjia vile vigoda kichwani, mmoja baada ya mwingine.

Nzioka hakucheka. Lazima niseme ukweli, hakucheka. "Mama Mugo," akasema, "ni kosa la mdomo, si la moyo. Lakini mbuzi wa ntheo hawapokelewi mpaka mzee wa upande wenu aseme wametoka nyumba ya nani. Ndiyo desturi, siwezi kuiruka mbele ya wazee hawa. Na kesho watu wa Ikutha wanakuja na mbuzi wao. Niliwapa neno langu: leo ni siku ya kijana wako, kesho ni yao."

Watu wa Ikutha walikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, na Mwangangi ndiye aliyekuwa mtu wao pale. Tulijua. Kwa hiyo sikiliza ilivyokuwa: jua likitua kabla ya mzee wetu kusema, Mugo amemkosa Mbula. Basi.

"Hamna mwanaume hata mmoja?" akauliza Nzioka.

"Hakuna," Waringa akasema.

Mwangangi akajinyoosha. "Yuko mmoja. Kule juu." Akaonyesha kilima kwa kidevu. "Kuna Mkikuyu wenu, Gachanja, anachunga miti ya serikali. Pandeni mkamwazime." Wazee wakacheka tena, maana ilikuwa dhihaka. Nani atapanda Nzaui na gauni?

Waringa akasimama. "Njia iko wapi?"

Kicheko kikaisha. Yule bibi akaweka ungo wake chini, akajishika ukutani, akainuka. "Nitawapeleka."

"Susu, magoti yako," Nzioka akasema.

"Magoti ni yangu."

Nikamuuliza kama ni mbali. Akaelekeza midomo juu, akasema, "Hapa tu." Nami nakwambia, Mkamba akikuonyesha njia kwa midomo, beba chakula.

Mwanzo wa njia ulikuwa wa kubembeleza, shamba la mtama, halafu mkonge, halafu vichaka. Kisha kilima kikasimama. Sisemi kilipanda, kilisimama. Kila hatua ni goti kifuani. Changarawe inateleza, miiba inakushika gauni, na ukitaka kushika kitu unashika nyasi kavu zinazong'oka nawe. Susu Kalunde alikuwa mbele na fimbo yake, blanketi jipya mabegani kwenye joto lile, anapanda na kunyamaza. Waringa alikuwa mtu wa mwili. Mtu wa kukaa dukani. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu ikikwaruza.

"Ninyi watu wa Murang'a," Kalunde akasema bila kugeuka, "kwenu hakuna milima?"

"Iko," nikajibu, "lakini yetu ina barabara."

Akacheka kidogo. Alikuwa na meno machache lakini aliyatumia vizuri.

Tulipofika kwenye mwamba, pale ambapo njia inageuka ngazi ya mawe, Waringa alikaa chini. Uso ulikuwa umelowa. Akavua viatu, akavifunga kamba pamoja, akavitundika shingoni. Mimi nilikataa kuvua vyangu. Nilikuwa nimevinunua majuzi na sikutaka kuvitenganisha na miguu. Nikamwambia, "Mama Mugo, turudi. Watu wale wametufanya mchezo."

"Maji tumeshayavulia nguo," akasema.

"Na moyo ukikusimama hapa?"

"Na nikirudi mikono mitupu, nitamwambia Mugo nini? Kwamba hana mtu?" Akanitazama. "Wamucii, nilimwambia ana watu. Kila alipouliza akiwa mtoto, nilimwambia ana watu, wako mbali tu."

Tukapanda mwamba, Kalunde akivuta kutoka juu na mimi nikisukuma kutoka chini kwa bega, na Waringa katikati akimtaja Yesu kila hatua. Mara moja mguu wake uliteleza ukanipiga kwenye shavu. Nikapiga kelele, na yeye akaanza kucheka, na kicheko kikatumaliza nguvu, tukabaki tumeng'ang'ania jiwe lile, wanawake wawili wazima, hatuendi juu wala chini. Kalunde alitusubiri. Ningelipa chochote kurudi pale niusikie ule mguu tena.

Halafu ghafla hakuna tena pa kupanda. Upepo ukatukamata magauni. Sikuwa nimewahi kuona nchi kubwa hivyo. Upande mmoja vilima vya Chyulu, kijani na kijivu, na nyuma yake, juu ya mawingu, Kilimanjaro na theluji yake. Upande mwingine ni nchi ya Wakamba inateremka, mashamba, njia nyekundu, mapaa ya mabati yaking'aa. Mbali sana tukaona moshi wa treni, uzi mweupe mwembamba ukienda Mombasa. Waringa akaweka mkono juu ya macho. "Duka letu ni lipi?" akauliza. Nikamwonyesha mahali, sijui kama ni penyewe. Tulikaa Sultan Hamud miaka mingi tukikitazama kilima hiki kutoka verandani, na hatukuwahi kufikiria kwamba kilima nacho kinatuona.

Kalunde alituonyesha jiwe lenye alama. Akasema hapo ndipo Mungu wa zamani aliwateremsha watu wa kwanza wa Wakamba, mume na mke, na hizo ni nyayo zao.

"Za mwanamke ni zipi?" nikauliza.

"Ukizijua uniambie," akasema.

Gachanja tulimkuta nyuma ya kibanda chake cha mabati akinywesha miche. Mzee mwembamba, koti la kaki lenye viraka. Waringa alipomsalimu kwa Kikuyu, mkebe ulimwanguka. Alituletea maji, akatuletea uji, akauliza habari za mvua ya Murang'a, habari za bei ya chai, habari za watu waliokwisha kufa. Alikuwa na kiu ya lugha. Mwishowe Waringa akamweleza shida yetu yote, tangu mwanzo mpaka vile vigoda.

Gachanja akafuta mikono yake kwenye suruali.

"Mama," akasema, "mimi sijaoa. Sina nyumba, sina mtoto, sijawahi kutoa mbuzi kwa wazee wa kwetu. Hata kule nyumbani, wazee wakikaa, mimi nakaa nje na vijana. Mvi hizi ni za umri tu. Nikishuka nikajiita mzee, na mtoto wako akapata mke kwa neno langu, siku moja itajulikana, na watu hawa watasema alioa kwa uongo."

"Nani atajua?" nikasema. Nilikuwa na hasira, na shavu lilikuwa linaniuma.

"Mimi nitajua," akasema. "Nisamehe, mama." Nilitaka kumchukia nikashindwa. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Waringa alienda akakaa peke yake ukingoni mwa jiwe, viatu vikining'inia shingoni. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Kumbe kweli hana mtu," akiviambia vile vilima vya Chyulu, au sijui alikuwa akimwambia nani. Mimi nilisimama na uji wangu mkononi. Katika maisha yangu sijapata kuwa bure namna ile.

Kalunde hakuwa ameelewa Kikuyu chetu chote, lakini alikuwa ameelewa ya kutosha. Akaenda akakaa kando ya Waringa. Akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Hawa mbuzi wako chini. Ni wa nani?"

"Ni wangu. Nimewanunua mimi."

"Kijana alisomeshwa na nani?"

"Mimi."

"Baba yake alizikwa na nani?"

Waringa akafikiri. "Ndugu zake walichimba kaburi. Sanda nilinunua mimi."

Kalunde akatikisa kichwa. Akabaki anatazama boma lao kule chini, dogo, na watu wadogo uani, muda mrefu mpaka nikafikiri amesinzia. Kisha akasema, "Tushuke."

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, usidanganywe na mtu. Jua lilikuwa limeshaegemea upande tulipofika ghalani. Wazee walikuwa wamekwisha kula na wengine walikuwa wanatafuta kofia zao. Waringa alikuwa na gauni lililopasuka, miguu mitupu, nywele zimesimama. Mwangangi alituangalia, akaangalia nyuma yetu.

"Mutumia yuko wapi?"

"Nimemleta," Kalunde akasema. Akaelekeza midomo kwa Waringa.

Wakaanza kucheka. Yeye akangoja wamalize. Halafu akamgeukia Nzioka, akaongea Kikamba, na Mbula akitutafsiria masikioni kwa kunong'ona mpaka mahali fulani, kisha akaacha, akaweka mkono mdomoni. Nikamsukuma. "Amesema nini?"

"Anamuuliza baba, mbuzi wa ntheo wa Nzilani, mama yake aliyemzaa, walipelekwa na nani."

Sikuelewa. Si Kalunde ndiye mama yake? Nikamwona Nzioka ameinamisha uso kama mtu aliyevuliwa shati mbele ya watu. Hapakuwa na mzee aliyecheka sasa. Mmoja alijifanya kufunga kamba ya kiatu. Kumbe wote walijua.

Mbula alitueleza kwa haraka, maneno yakigongana. Kalunde hakujaliwa mtoto. Mumewe alipokufa, ili nyumba isizimike, alichukua mbuzi zake akaenda kuposa msichana, Nzilani, akamleta nyumbani mwake kama mwanaume anavyoleta mke. Wakamba wana desturi hiyo, wanaiita iweto. Nzilani akamzaa Nzioka, na Nzioka akawa mtoto wa nyumba ya Kalunde. Lakini kanisa lilipokuja, lilisema huo ni ushenzi. Nzioka akaokoka, akawa mzee wa kanisa, na habari ile ikafunikwa. Kwa miaka yote Kalunde akaitwa nyanya tu.

"Nauliza," Kalunde akasema tena. Hilo hata mimi nilielewa.

Niliona kidevu cha Nzioka kinafanya kazi. "Ni wewe," akasema.

"Nilikaa na wazee au sikukaa?"

"Ulikaa."

Akarudi ukutani kwake, akaketi, akavuta ungo wa mbaazi. Uwanja mzima ulimngoja Nzioka. Mwangangi akafungua mdomo, Nzioka akainua mkono, na Mwangangi akaufunga. Kisha yule mtu mrefu mwenye tai akachukua kigoda chake mwenyewe, akakibeba mpaka mbele ya dada yangu, akakiweka chini, akakipangusa kwa kiganja.

"Mutumia," akamwambia, "keti. Mbuzi hawa wametoka nyumba ya nani?"

Waringa aliketi. Nilidhani sauti itamkataa. Lakini alinyoosha mgongo, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Wametoka nyumba ya Waringa, mama yake Mugo. Nimekuja kumuombea mtoto wangu mke." Mbuzi wakafunguliwa, wakapokelewa, kabla jua halijatua.

Kalunde alitusindikiza mpaka lorini. Mimi, unanijua, sikuweza kunyamaza. Nikamuuliza, kama alikuwa na neno hilo mdomoni tangu asubuhi, kwa nini alituacha tupande mawe yale yote mpaka dada yangu akaribie kufa?

"Halikuwa neno langu peke yangu," akasema. "Lilikuwa pia la mwanangu. Nikilisema, linamvua. Nilihitaji kilima kizima kuamua." Akageuka, akarudi bomani, pole pole. Hakujua atapokelewa vipi, na sisi hatukujua. Tulimtazama mpaka Musembi akapiga honi.

Mbula alituambia baadaye kwamba Nzioka hakumsemesha yule bibi kwa miezi. Alimpa chakula, alimpa kuni, neno hakumpa. Waringa akaumia sana, akawa anamtumia sukari kila lori likienda, na hakujua kama inapokelewa.

Harusi ilikuwa Desemba, kanisani kwao. Kanisa limejaa, watu wa kwetu upande huu ni mimi, Waringa, Gachanja aliyeshuka na koti lake la kaki limepigwa pasi, na wafanyakazi wa reli. Pasta alifika pale wanapouliza, "Ni nani anayemtoa binti huyu?" Tukamngoja Nzioka asimame. Hakusimama. Aliinama kwa yule bibi aliyekaa kando yake na blanketi letu mabegani, akamshika kiwiko, akamwinua pole pole mpaka akasimama wima mbele ya kanisa lote.

Pasta alimtazama Nzioka. Nzioka alitazama mbele.

"Ni mimi," Kalunde akasema.

Pasta akarudi kwenye kitabu chake akaendelea. Waringa alikuwa ameushika mkono wangu, akaukaza mpaka vidole vikaniuma, na sikuutoa.